Oksijeni ya kwenye Skrini na Oksijeni ya Chini ya Kisima

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi uliokusanywa Uganda na Kenya kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu hapatwi na malaria kali kirahisi kama mwenzake asiyeirithi. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakaonyesha namna ya kukuza Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, mfululizo maabara. Sasa mtu angeweza kuchukua chembe nyekundu za mbebaji wa selimundu, akatia vimelea, akaiona kinga hiyo kwa macho yake. Haikuonekana. Katika hewa yenye oksijeni ya 17% hadi 18%, vimelea vilinawiri ndani ya chembe hizo kama ndani ya chembe nyingine zozote. Ilipofika 1978 Milton Friedman aliishusha oksijeni hadi kati ya 1% na 5%, na hapo vimelea vilivyomo ndani ya chembe za mbebaji vikadumaa na kufa, huku vile vya kwenye chembe za kawaida vikiendelea kukua.

Sababu yake iko kwenye mwili wenyewe. Kimelea kikikomaa huifanya chembe ishikamane na kuta za mishipa midogo ya viungo vya ndani, mahali ambapo oksijeni imekwisha kutumika kwa kiasi kikubwa. Hemoglobini S nayo hujiunga kuwa nyuzi pale tu inapopoteza oksijeni. Kinga ya mbebaji hufanya kazi huko kwenye uhaba, na chupa iliyojaa hewa ya kawaida haina uhaba huo.

Nimeuweka mfano huu mbele kwa sababu maabara nyingi za ukuzaji seli hupima joto, unyevu na kabonidioksidi kila asubuhi, halafu oksijeni wakaiachia hewa ya chumba. Oksijeni ni kiambato cha midia, yaani maji ya virutubisho ya kukuzia seli, sawa na glukosi. Hakuna anayetia glukosi kwa kukisia.

Ile 21% haimo ndani ya inkubeta

Hewa kavu ina oksijeni 20.9%. Pwani, iwe Kilifi, Bagamoyo au Dar es Salaam, mgandamizo wa hewa ni takribani milimita 760 za zebaki. Ndani ya inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, ya nyuzi 37 yenye sinia la maji, mvuke peke yake huchukua milimita 47. Zinabaki 713. Kabonidioksidi ya 5% huchukua sehemu yake, zinabaki 677, na 20.9% ya hizo ni milimita 142. Ukizigawa kwa 760 unapata 18.6%. Kwa hiyo anayeandika kwenye ripoti kwamba alikuza seli "kwenye oksijeni ya 21%" ameandika kitu ambacho inkubeta yake haiwezi kukitoa.

Hata hiyo 18.6% ni karamu kwa seli nyingi. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu oksijeni iko kama milimita 100 hadi 110. Damu inayoingia kwenye ini hufika na 60 hadi 65, ikitoka imebaki na 30 hadi 35. Ubongo na misuli huishi na thelathini-arobaini hivi, uboho wa mfupa mara nyingi chini ya hapo, na katikati ya uvimbe wa saratani unaweza kukuta chini ya 10. Seli ya uboho iliyowekwa kwenye inkubeta ya kawaida imepewa oksijeni mara kadhaa ya ile iliyoizoea.

Matokeo yake yamejulikana muda mrefu. Mwaka 1977 Packer na Fuehr walionyesha kwamba faibroblasti (seli za tishu unganishi) za binadamu aina ya WI-38 hugawanyika mara nyingi zaidi kabla ya kuzeeka zikikuzwa kwenye oksijeni ya chini. Mwaka 2003 Parrinello na wenzake wakaonyesha kwamba faibroblasti za viinitete vya panya, zinazosifika kwa kuzeeka haraka maabara, hazizeeki hivyo zikiwekwa kwenye 3%. Kilichodhaniwa kuwa tabia ya seli kilikuwa jeraha la oksijeni kwenye DNA. Ndiyo maana hata maabara nyingi za upandikizaji mimba zimehamia kwenye 5% kwa ajili ya viinitete: mrija wa uzazi haujawahi kuwa na hewa ya nje.

Nairobi si Mombasa

Hapa ndipo ukanda wetu una jambo ambalo maelekezo ya vifaa vingi hayalisemi wazi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huko ni kama milimita 620 za zebaki. Mvuke wa maji haujali mwinuko: kwenye nyuzi 37 ni 47 zile zile. Zinabaki 573, na hesabu ile ile inakupa oksijeni ya milimita 114 badala ya 142. Yaani seli zilezile, midia ileile, inkubeta ya mfano uleule, zinapata pungufu ya moja ya tano kwa sababu tu ya kilima.

Kabonidioksidi nayo imepungua kwa kiwango hicho hicho, na hilo ndilo linaloonekana kwanza. Asilimia 5 ya 713 ni milimita 35.7, asilimia 5 ya 573 ni 28.7 tu. Bikabonati ya kwenye midia inabaki ileile, kwa hiyo pH hupanda kwa karibu 0.1. Midia inayokaa kwenye 7.4 pwani itakaa kwenye 7.5 Nairobi, rangi yake ikielekea pinki, na mtu ataanza kulaumu seramu. Dawa ni kuzidisha kipimo kwa 713 ukigawa kwa 573, yaani 1.24. Weka kabonidioksidi 6.2%. Ukitaka oksijeni iliyo sawa na ile ya 5% ya pwani, weka 6.2% vilevile. Kwa Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, kizidishio ni kama 1.16, Kigali kama 1.2, Eldoret, kwenye mita 2,100, kinafika 1.3. Usichukue namba zangu kama amri. Chukua mgandamizo halisi wa kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, lakini hakikisha ni ule wa mahali penyewe na si ule uliorekebishwa kuwa wa usawa wa bahari, maana vituo vingi hutangaza huo wa pili.

Kwa maabara zinazolinganisha matokeo kati ya Kilifi na Nairobi, au kati ya Bagamoyo na Arusha, hili si jambo dogo. Tofauti ya moja ya tano ya oksijeni inaweza kuingia kwenye jedwali ikajiita tofauti ya sampuli.

Angalia pia namna sensa inavyopimishwa. Sensa za oksijeni za zirkonia na zile za galvani husikia mgandamizo wa oksijeni, kisha skrini huugeuza kuwa asilimia. Ukipimisha sensa kuwa 20.9% wakati inkubeta ina joto na maji, umeidanganya: hewa iliyojaa mvuke kwenye nyuzi 37 pwani ina 19.6% tu. Pimisha ikiwa kavu, mlango wazi, kabla ya kujaza sinia, au tumia kipimo cha pembeni kilichopimishwa kwa gesi ya mtungi yenye cheti. Sensa za galvani huchakaa hata zisipotumika. Mwaka mmoja hadi miwili zinaanza kusoma chini, na inkubeta inayoamini sensa iliyochakaa hufikiri oksijeni imeshuka wakati haijashuka. Sensa ya kabonidioksidi ya mwanga wa infraredi nayo huhesabu molekuli, hivyo kwenye mwinuko ni lazima iambiwe iko wapi. Mashine nyingi zina sehemu ya kuingiza mwinuko kwenye menyu, na mara nyingi imeachwa kwenye sifuri tangu siku ya kufungua boksi.

Milimita mbili za maji

Tuseme sasa gesi iko sawa. Bado haijafika kwenye seli. Seli ziko chini ya kisima, yaani kishimo cha sahani ya kukuzia, juu yake kuna maji, na oksijeni lazima ipenye kwa difyusheni, molekuli zikisambaa zenyewe, polepole. Midia iliyotulia kwenye oksijeni ya milimita 142 za zebaki ina oksijeni kama maikromoli 190 kwa lita. Mwendo wa oksijeni ndani ya maji ya nyuzi 37 ni takribani sentimita mraba 0.00003 kwa sekunde. Kwa kina cha milimita 2, kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kushuka hadi chini ni kama pikomoli 28 kwa sekunde kwa kila sentimita mraba. Ongeza kina, kiasi hicho kinapungua kwa uwiano uleule: milimita 5 zinapitisha pikomoli 11 tu.

Seli za ini zilizotolewa moja kwa moja kwenye ini ni walaji wakubwa. Milioni moja hula kama nanomoli 0.4, yaani pikomoli 400, kwa sekunde. Ukizipanda 150,000 kwa sentimita mraba, zinataka pikomoli 60. Midia ya milimita 2 inatoa 28. Maana yake ni kwamba seli hizo, ndani ya inkubeta yenye hewa tele, ziko kwenye ukame wa oksijeni, na hata ukishusha kina hadi milimita 1 zinapata kwa shida. Mikondo midogo ya joto husaidia kidogo lakini haiwezi kuliziba pengo la namna hiyo. Ndiyo maana wanaofanya kazi na seli za ini hutumia sahani zenye sakafu inayopitisha gesi, au hutikisa, au hupitisha midia kama mto.

Seli za kawaida za maabara, zile za saratani na za faibroblasti, hula kama moja ya kumi ya hapo. Zikiwa 100,000 kwa sentimita mraba chini ya milimita 2, oksijeni ya chini hupungua kwa asilimia kumi na kitu, si neno. Lakini ziache zijae hadi 300,000 na umimine midia hadi milimita 5 ili usije Jumamosi kubadilisha: sasa zinataka pikomoli 12, zinapata 11. Kufikia Jumapili chini pamekauka oksijeni. Jumatatu unakuta midia imekuwa ya njano, na jeni za upungufu wa oksijeni zimewaka kwenye kundi lako la kulinganishia.

Kwa hiyo pima kina, usikisie. Gawa ujazo kwa eneo. Chupa ya sentimita mraba 75 yenye mililita 15 ni milimita 2. Sahani ya visima 6, eneo 9.5, mililita 2, ni milimita 2.1. Visima 24, eneo 1.9, nusu mililita, ni 2.6. Visima 96 ndivyo vyenye mtego: eneo ni 0.32 tu, hivyo maikrolita 100 ni milimita 3 na maikrolita 200 ni milimita 6. Watu wawili wakipima dawa ileile, mmoja kwa maikrolita 100 na mwingine kwa 200, wamezipa seli oksijeni mbili tofauti, na kama dawa inagusa mitokondria majibu hayatafanana.

Na sasa geuza hesabu hiyo kwa anayetaka oksijeni ndogo kwa makusudi. Ukiweka inkubeta kwenye 1%, midia ina maikromoli kama 10 kwa lita. Kina cha milimita 2 kinapitisha pikomoli 1.5. Seli zako 100,000 zinataka 4. Zitapunguza ulaji kwa sababu zimeelewa hali, lakini chini ya kisima pameshakuwa karibu na sifuri, huku wewe ukiandika 1%. Hii ndiyo sababu kubwa ya matokeo ya 1% kutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine: msongamano wa seli na kina cha midia ndivyo vinavyoamua. Panda seli chache, weka midia nyembamba, na kama una uwezo bandika kiraka cha sensa ya mwanga chini ya kisima kimoja usome oksijeni ya mahali seli zilipo. Kwa utafiti wa namna hii kifaa hicho kina thamani kuliko inkubeta ya pili.

Kuishusha

Kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni inkubeta ya gesi tatu, inayosukuma naitrojeni hadi oksijeni ishuke. Hesabu gharama yake kabla ya kuagiza. Inkubeta ya lita 160, ikitoka kwenye hewa hadi 5%, inakula naitrojeni lita 230 hivi; hadi 1%, karibu lita 490. Mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa hadi baa 200 una kama lita 10,000. Kwa hiyo mtungi mmoja ni mishusho 20 ya kwenda 1%, ukiacha uvujaji, na kila mlango unapofunguliwa wazi ni kama mshusho mpya. Watu watano wanaofungua mara mbili kwa siku wataumaliza mtungi kwa siku mbili, na oksijeni yao haitakuwa imekaa kwenye 1% hata nusu ya muda. Nunua yenye vioo vidogo vya ndani, panga sahani kwa mtu, na uandike kila ufunguzi.

Naitrojeni yenyewe iwe safi. Mtambo wa kuchuja naitrojeni kutoka hewani unaotoa usafi wa 99.5% umeleta oksijeni ya 0.5% ndani ya bomba, na hakuna namna utashuka chini ya hapo. Mtungi uwekwe kwenye chumba chenye hewa ya kupita na kengele ya oksijeni inayolia ikishuka chini ya 19.5%. Naitrojeni haina harufu, na anayeivuta hajisikii kukosa pumzi, huanguka tu. Hili naomba lisichukuliwe kama tahadhari ya kwenye karatasi. Chumba kidogo cha inkubeta, mtungi unaovuja na mlango uliofungwa vinatosha kuua.

Njia ya pili ni chemba ya kufungwa na gesi iliyochanganywa tayari, kwa mfano oksijeni 1%, kabonidioksidi 5%, iliyobaki naitrojeni. Ni nafuu, na kwa majaribio ya siku moja naipendelea. Unapanga sahani, unaweka sahani moja ya maji safi kwa ajili ya unyevu, unafunga klempu, unaunganisha bomba la kuingiza gesi, bomba la kutoa liko wazi. Lita 10 kwa dakika, dakika 5, kwa chemba ya lita 5: gesi imebadilishwa mara kumi, na hewa ya awali imebaki chembe isiyopimika. Funga mabomba, weka kwenye nyuzi 37. Kwa mahesabu kazi imekwisha.

Haijaisha. Tazama chini ya vifuniko vya sahani. Sahani ya sentimita 10 ina kama mililita 45 za hewa kati ya midia na kifuniko, na gesi inayopita kasi kwenye chemba haiingii humo kirahisi. Sahani kumi ni mililita 450. Humo mna oksijeni mililita 94. Baada ya kufunga, hewa hiyo hutoka taratibu na kuchanganyika na lita 5 zako za 1%, na kinachobaki kinakaribia 3%. Plastiki nayo, polistirini, imeyeyusha oksijeni ndani yake na huitoa kwa saa kadhaa, hasa kwenye seli zilizogandamana nayo. Kwa hiyo acha chemba saa 1, kisha pitisha gesi tena dakika 5. Chupa ziwe na vifuniko vya kichujio au zilegezwe. Chupa iliyofungwa kabisa ndani ya chemba ya 1% ni chupa ya hewa ya kawaida. Kundi la kulinganishia nalo liwe ndani ya chemba ya namna hiyo hiyo, lipitishiwe gesi ya 5% kabonidioksidi na hewa, ili unyevu na mtikisiko vifanane.

Midia ya kubadilishia iandaliwe usiku kucha ndani ya oksijeni ile ile, imetandazwa nyembamba kwenye sahani pana. Difyusheni kwenye milimita 2 inachukua dakika kumi na kitu, lakini kwenye chupa iliyojaa sentimita 10 itachukua siku nyingi. Kuna wanaoipulizia midia mapovu ya naitrojeni tupu. Naitrojeni hiyo hufukuza na kabonidioksidi, pH inapaa, na povu la seramu huharibu protini. Kama ni lazima kutumia mapovu, tumia gesi yenye 5% kabonidioksidi na usiweke seramu kwanza.

Dakika tano za HIF

Wengi huthibitisha upungufu wa oksijeni kwa kutafuta protini ya HIF-1α, inayowasha jeni za upungufu wa oksijeni, ile iliyowapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel ya 2019. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya vya PHD huipiga muhuri wa kutupwa, protini ya VHL huibeba, na inavunjwa. Oksijeni ikipungua inajikusanya. Tatizo ni kwamba kuvunjwa kwake ni kwa kasi: nusu yake hupotea kwa takribani dakika 5 hewa ikirudi. Anayefungua chemba, akabeba sahani sita hadi kwenye kabati, akazisuuza mara mbili kwa bafa ya kawaida, akaenda kutafuta barafu, ameipoteza njiani. Bloti, kipimo cha kuonyesha protini, ikitoka tupu atasema seli hazikuitikia.

Fanya hivi. Kila kitu kiwe mezani kabla: bafa ya kuvunja seli yenye sabuni ya SDS, ya moto, imegawanywa tayari kwenye mirija, kikwaruzio, pampu ya kunyonya inafanya kazi. Fungua chemba, toa sahani moja, nyonya midia, mimina bafa palepale bila kusuuza, kwaruza. Kutoka kufungua hadi kumimina isipite dakika 1. Kama una sahani sita, tumia chemba tatu ndogo badala ya moja kubwa. Weka kundi moja lililopewa kemikali ya DMOG milimoli 1 au deferoksamini maikromoli 100 kwa saa 4 hadi 16 kwenye hewa ya kawaida. Hilo linaonyesha kwamba kingamwili na bloti vinafanya kazi. Lakini kemikali hizo, pamoja na kobalti kloraidi, zisitumike kama mbadala wa oksijeni ndogo: zinainua HIF bila kuinyima mitokondria oksijeni, na kobalti ina sumu zake yenyewe.

Angalia na rangi ya midia. Seli zilizonyimwa oksijeni hula glukosi haraka na kutoa asidi ya laktiki. Ikiwa kundi la 1% limegeuka njano baada ya saa 48 na lile la hewa bado ni jekundu, unalinganisha asidi na njaa pia. Fupisha muda au badilisha midia mara nyingi zaidi, na pima glukosi.

Mshumaa na chembe nyekundu

Turudi kwenye malaria, maana ndiko mambo haya yanakofanyika kila siku kwetu. Njia ya Trager na Jensen iliyoenea duniani ilikuwa ya mshumaa: sahani ndani ya desiketa, chombo cha kioo chenye mfuniko usiopitisha hewa, mshumaa mweupe mfupi katikati, unawashwa, mfuniko unawekwa valvu ikiwa wazi, na mwali unapoanza kuzimika unafunga valvu. Kinachobaki ni oksijeni ya 15% hadi 17% na kabonidioksidi kama 3%. Ni njia ya werevu mkubwa, na kwa kutunza vimelea bado inafaa mahali pasipo na mtungi. Lakini P. falciparum hupenda oksijeni ya chini, karibu 3%, ingawa huvumilia kuanzia 0.5% hadi 21%. Wengi leo hutumia oksijeni 5%, kabonidioksidi 5%, naitrojeni 90%, au 1%, 3% na 96%. Midia ni RPMI 1640 yenye bafa ya HEPES milimoli 25, hipozanthini, na Albumax II ya 0.5%, chembe nyekundu 2% hadi 5%.

Kuna jambo moja la pekee hapa. Hemoglobini ni ghala. Kwenye hematokriti ya 2%, yaani chembe nyekundu zikiwa 2% ya ujazo, chembe nyekundu zilizojaa oksijeni zimeshika kama milimoli 0.4 kwa lita, mara mbili ya iliyoyeyuka kwenye midia. Ukipuliza gesi ya 1% sekunde 30 na kufunga, ghala hilo litaendelea kuachia. Kwa majaribio ya selimundu, ambayo yote yanategemea hemoglobini kupoteza oksijeni, tandaza chembe nyembamba, puliza, subiri saa 1 ndani ya nyuzi 37, puliza tena, na uziandae chembe usiku kabla ya kutia vimelea. Na kwa vipimo vya dawa chagua gesi moja usiibadilishe: imeonyeshwa kwamba hata vipimo vya nguvu ya klorokwini husogea oksijeni inapotoka 21% kwenda 10%, na antibaiotiki kama klindamaisini huonekana kali zaidi kwenye oksijeni nyingi.

Kwenye sehemu ya mbinu, sentensi za aina hii zinatosha: "Seli 100,000 kwa sentimita mraba zilikuzwa kwenye visima 24, midia mililita 0.5, kina milimita 2.6, Nairobi, mgandamizo milimita 620 za zebaki, gesi yenye oksijeni 6.2% na kabonidioksidi 6.2%, sawa na oksijeni ya milimita 36 juu ya midia. Chemba ilipitishiwa gesi lita 10 kwa dakika kwa dakika 5, ikarudiwa baada ya saa 1. Sensa ilipimishwa ikiwa kavu."